Mwalimu Mathieu Lonema na Sanduku Lake la Bati

Baba Padri, wazee wa shirika letu la kanisa, walimu, majirani wa avenyu yetu hapa Shari, Bunia, ndugu mliotoka Mahagi-Port, na ninyi mliokuja kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi, amani ya Bwana iwe kwenu nyote. Familia imemchagua Donatien Lonema, kaka mkubwa wa marehemu, awasomee maisha ya mdogo wake, na Donatien anaomba mmvumilie, kwa sababu macho yake ni ya mtu wa miaka sitini na moja, shule yake iliishia darasa la sita, na karatasi anayosoma si ile iliyoandikwa kwanza.

Ile ya kwanza iliandikwa jana Ijumaa na wajomba na wazee wa ukoo, ikapigwa mashine vizuri, na ilisema kwamba maandishi ya marehemu yaliungua kwa vita. Leo asubuhi mjane wake, mama Nadège, aliisoma akiwa amekaa chini kando ya jeneza, akaipasua mara nne, akasema mbele ya wote: "Mukisoma uongo hapa, mutamuzika bila miye, na hakuna mutu atanyanyua jeneza mbele yangu." Wazee walimwambia anyamaze, kilio si mahali pa mashauri, naye akajibu kwamba kilio ndipo mahali pake, kwa sababu kesho kila mtu atarudi kwake na uongo utabaki na kaburi. Basi Donatien alikwenda nyuma ya jiko na karatasi tupu, akamwomba Mungu, akaandika hii kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mzee aliyeisoma kabla yenu.

Mathieu Lonema alizaliwa Fataki, katika Djugu, Jumapili tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa tano wa baba Gauthier Lonema, mkulima na katekista, na mama Hortense Mave, muuza samaki wa chumvi, wote wawili Mungu amekwisha kuwaita. Alibatizwa mwaka ule ule siku ya Pasaka. Mama yetu alifuata samaki Mahagi-Port na kuwarudisha katika makasha ya mbao, na kasha moja lilipovunjika, Mathieu akiwa na miaka saba, aliokota ubao wa ubavuni, akauweka juu ya magoti na kuandika juu yake kazi ya shule, kwa sababu nyumbani kulikuwa na meza moja tu, na ile ilikuwa ya baba na misale yake, kitabu cha misa. Ubao ule hakuuacha tena. Uliingia naye sekondari, ukaingia naye katika ndoa, ukatoka naye Fataki, na mahali kiwiko chake cha kushoto kilipokaa pakachimbika kama kisahani, na harufu ya samaki haikutoka hata kwa sabuni.

Donatien anayajua haya kwa sababu mbili, kwanza alikuwapo, pili yameandikwa. Katika kitanda cha hospitali alichofia, chini ya mto, binti wa marehemu, Priscille, alikuta daftari la kurasa arobaini na nane, na ndani yake baba yake alikuwa ameorodhesha vitu vyake vyote alivyokuwa navyo na ambavyo hakuwa navyo tena, kila kitu na ukurasa wake. Juu ya ubao aliandika: "Nilisoma kila sentensi kwa sauti, pua yangu ikiwa karibu na ubao. Kama mama asingeielewa pale kwenye samaki zake, niliifuta." Ninyi mnaosema kwamba Mwalimu Mathieu aliandika maneno mepesi kwa sababu hakufika chuo kikuu, sikieni wenyewe alikuwa anamwandikia nani.

Alisoma shule ya msingi Fataki tangu 1977 hadi 1983, na sekondari hapo hapo hadi Julai 1989, alipopata diplome ya serikali ya ualimu. Miaka hiyo yote Donatien alikuwa shambani na baba, kwa kuwa mtoto mmoja alipaswa kulima ili mwingine asome, na hilo halikuwa kosa la Mathieu, wala hakuliomba. Lakini ni lazima lisemwe, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Kila jioni jembe lilirudi nyumbani likiwa limechoka na kuikuta kalamu imekaa, na baba akawaambia wageni: "Huyu ndiye atatutoa," akimwonyesha aliyekaa, na aliyesimama na jembe mlangoni akasikia.

Alianza kufundisha Septemba 1989, katika shule ya msingi mbele kidogo ya Fataki, akafundisha miaka kumi na minne. Shule iliwapa walimu kalamu nyekundu tu, za kusahihishia, na kwa sababu hakuwa na nyingine, hadithi zake za kwanza zote aliziandika kwa wino mwekundu, hata mwalimu mwenzake alipoona daftari moja alimwuliza ni mwanafunzi gani mjinga hivi, amekosa tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mathieu alicheka siku mbili. Katika orodha yake ameandika: "Kalamu nyekundu, kumi na tisa. Baadaye nilipata za buluu lakini mkono haukuziamini."

Tarehe 26 Julai 1997 alifunga ndoa takatifu na Nadège, binti wa mshona nyavu wa Mahagi-Port, na Mungu akawajalia watoto watatu, Priscille aliyezaliwa 1998, Osée aliyezaliwa 2001 na Domitille aliyezaliwa 2006, wote wapo hapa, na wajukuu wawili. Nadège ndiye aliyemshonea ndani ya koti mifuko minne mikubwa ya kitambaa cha nyavu, daftari liingie bila kukunjika, na kwa sababu ya mifuko hiyo kila kizuizi cha barabarani walimsimamisha wakidhani amebeba dhahabu ya Mongbwalu, wakatoa karatasi, wakakasirika.

Sasa ni vizuri mjue namna alivyofanya kazi, kwa maana wengi wenu mmo ndani ya kazi hiyo bila kujua. Mathieu hakuandika kamwe mbele ya mtu aliyekuwa akimsimulia. Alisema watu wa kwetu wamekwisha kuona kalamu nyingi zikiandika majina yao, za kodi, za vita, za misaada isiyofika, na mtu akiona kalamu anaanza kusema maneno ya ofisi. Kwa hiyo alibeba mfukoni kamba nyembamba ya katani, na mkono wake ukiwa mle mfukoni alifunga fundo moja kwa kila jambo alilotaka kukumbuka, akifika nyumbani anaketi na ubao na kufungua fundo moja moja, na kila fundo linapofunguka anaandika. Wanawake wa soko la Fataki walikuwa wakimtania: "Mwalimu, unakuna nini mu mufuko kila siku? Nadège hakuogeshi?" Naye alijibu: "Ni upele ya habari zenu, mama." Hivyo ndivyo alivyokusanya watu wa Fataki, jinsi walivyolima, walivyogombana mipaka, walivyooana, walivyodanganyana katika mizani ya maharage, na vichekesho vyao, na namna kila mmoja alivyowaita mbuzi wake.

Agosti 2003 tulikimbia Fataki. Watu walibeba magodoro na masufuria, Mathieu alifunga juu ya baiskeli sanduku lake la bati, ndani yake madaftari kumi na saba, na Nadège, mwenye Osée mgongoni na Priscille mkononi, akamwuliza njiani mbele ya wote: "Tutakula karatasi?" Mathieu akasema: "Muhogo watu watatupa. Hii hakuna mwenye atatupa." Walitembea siku nne mpaka Bunia. Sanduku lile lilipita vizuizi, likavushwa mto likiwa juu ya kichwa, likanyeshewa, na hakuna hata ukurasa mmoja uliopotea. Wazee wa ukoo, mliotaka isomwe hapa kwamba vita vilichoma maandishi yake, vita havikuyachoma.

Hapa Bunia alifanya kazi tangu 2004 katika nyumba ya chapa ya baba Alphonse, ambaye amekaa pale mbele, akipanga kadi za harusi na matangazo ya vilio vya watu wengine, na jioni akiandika vyake, mpaka madaftari yakafika arobaini na moja. Mwaka 2011 baba Alphonse alimchapia kitabu kimoja, Soko la Jumatano, nakala mia mbili. Walimu walisifu, hawakusoma, waheshimiwa walipewa nakala na kuziacha juu ya viti, na baada ya mwaka mmoja Mathieu alinunua karanga kule sokoni, akafungua karatasi, akakuta ni ukurasa wake wa thelathini na tatu. Alimletea Nadège karanga pamoja na karatasi akasema: "Ona, nimeingia sokoni kweli." Leo tangu asubuhi watu saba wamemwambia Osée kwamba baba yake alikuwa mwandishi mkubwa wa Ituri, na wawili wameomba miwani yake ili iwekwe mahali pa kuonyeshwa. Miwani hiyo mguu mmoja umefungwa kwa waya tangu 2016, na hakuna aliyeuliza kwa nini alipokuwa anaivaa.

Tunafika mwaka 2019, na Donatien anaomba maji.

Kwa vita vya mwaka ule Donatien alifika hapa Shari na mke, watoto na wajukuu, jumla watu kumi na wanne, na Mathieu aliwapokea katika nyumba ya vyumba vitatu. Alitoa kitanda chake, akalala chini yeye na mke wake kando ya sanduku. Donatien alilala katika kijia cha nyumba, miguu nje ya mlango, na kila alipoamka aliliona lile sanduku limekaa ndani, kavu, karatasi zikiwa na mahali pazuri pa kulala kuliko mkubwa wa nyumba. Mgeni huyo hakumshukuru mwenye nyumba, alimhesabia deni la miaka ile ya jembe.

Jumatano tarehe 19 Juni 2019 Mathieu alishikwa na homa kali, akatoka damu puani, na kwa sababu ulikuwa wakati wa Ebola, gari lilikuja kumchukua, Nadège akalifuata kwa miguu mpaka kwenye uzio. Mchana timu ya kupuliza dawa ilifika, vijana wanne wamevaa yale mavazi yao meupe, wakachimba shimo nyuma ya nyumba, wakasema kinachochomwa ni godoro, mashuka na nguo alizochafua mgonjwa, vingine vitapuliziwa na kuachwa. Mmoja wao, kijana anayeitwa Dady, alilipulizia sanduku juu na pembeni, akasema: "Hii tumemaliza, baba, ibakie." Donatien akasema hapana, yote yachomwe. Dady akasema: "Baba, ni kaye tu, ni madaftari. Hakuna hatari." Donatien akasema yeye ndiye mkubwa wa familia hii. Kijana akasema tena mara ya tatu: "Mwenyewe akirudi?" Na Donatien akajibu, Mungu alisikia na mke wa jirani alisikia: "Huyu harudi."

Timu haikugusa sanduku. Walitia moto godoro wakaondoka. Donatien mwenyewe alilivuta sanduku mpaka shimoni, akalifungua, akamwaga madaftari arobaini na moja juu ya godoro lililokuwa likiwaka, akaongeza ubao, koti, kamba na kalamu. Karatasi nyingi hazikubali kuungua haraka, zilifunuka kurasa kwa kurasa, na yeye alisimama pale na fimbo akizigeuza mpaka saa kumi na moja. Halafu aliliosha sanduku kwa maji ya klori, akalianika, akalirudisha ndani, na siku ya pili mke wake akalitia unga wa muhogo.

Leo asubuhi Nadège aliuliza swali moja: "Shemeji, kama uliogopa ugonjwa, mbona sanduku ulililinda?" Jibu ni hili. Aliogopa ugonjwa, ni kweli, kila mtu aliogopa. Lakini mtu anayeogopa hachagui. Yeye alichagua. Alichoma kilichokuwa cha Mathieu, akabakiza kilichoweza kuwa chake.

Vipimo vilitoka, cha kwanza Ijumaa, cha pili Jumapili, vyote viwili havikuona Ebola, ilikuwa malaria na tifoide. Mathieu alirudi nyumbani Jumapili tarehe 23 Juni, amevaa nguo za kupewa. Aliingia chumbani, tukamsikia akifungua sanduku, tukamsikia akilifunga. Alipotoka Donatien alimwambia: "Ni watu ya dawa, walichoma yote, tulikataa wakakataa." Mathieu akauliza: "Kaka, watoto wamekula?"

Maneno yale ya Donatien yalitoka ndani ya nyumba yakaenda sokoni. Mwezi mmoja baadaye Dady alipigwa mawe karibu na soko na watu waliokuwa wakipiga kelele kwamba ndiye mchoma vitabu, akapoteza meno mawili, na Donatien alisikia habari hiyo akiwa anakula ugali wa unga ule, akaendelea kula.

Tangu siku ile Mathieu hakuandika hadithi tena. Asubuhi alikwenda kambini, akawaandikia watu barua na maombi yao, bure, na watoto wake walipomwuliza kwa nini haanzi upya, alisema: "Mukono iko. Wale watu wa Fataki ndio hawako." Ilikuwa kweli, wengi wao walikwisha kuuawa au kutawanyika, na wale waliokufa walikuwa wamebaki mahali pamoja tu, ndani ya madaftari yale. Donatien aliwachoma mara ya pili.

Mwaka 2021 alipatikana na ugonjwa wa presha. Tarehe 18 Septemba mwaka huu alianguka chapani, upande wa kushoto ukafa, akalazwa siku ishirini na moja, akapokea sakramenti za mwisho, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na dakika ishirini mchana, Nadège akiwa ameshika mguu wake, aliiaga dunia akiwa na miaka hamsini na minne.

Katika daftari lile la hospitali hakuna ukurasa unaomlaani mtu. Donatien aliutafuta ukurasa huo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu ungemsaidia. Kuna ukurasa wa sanduku, na umeandikwa hivi tu: "Lipo. Lina unga." Basi alijua tangu siku ile, akakaa miaka sita na zaidi meza moja na aliyemfanyia hivyo, akampitishia sahani.

Kwa desturi yetu, siku ya kumaliza matanga, kaka mkubwa huchukua nguo ya marehemu na kiti chake. Donatien hatachukua kitu. Kila kilicho ndani ya nyumba ni cha Nadège na watoto, na yeye na watu wake wataondoka katika nyumba hii kabla ya matanga kwisha, wajomba wasimwombee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zile ishirini na moja, Baba Padri na shirika letu, majirani walioleta maji, kuni na viti, mama wa kambini walioimba usiku kucha na tumbo tupu, na baba Alphonse aliyetoa mbao za jeneza. Familia inamshukuru pia Dady, ambaye sasa anaendesha pikipiki na amesimama pale kwenye lango, hakutaka kuingia. Mwanangu, ulisema mara tatu. Watu wote wa avenyu hii mliompiga au mliocheka akipigwa, hakuchoma hata karatasi moja.

Karatasi imeisha. Shemeji Nadège, umesikia yote, na kama kuna kilichoachwa, kiongeze wewe. Vijana mlioteuliwa kubeba, simameni karibu na jeneza, lakini asiguse mtu mpaka mama huyu aseme. Akikataa, tutakaa hapa naye hata kesho.

Pumzika kwa amani, Mathieu. Sisi tunangoja neno la mke wako.